Alikufa shimoni bila kuingia shimoni

Maisha ya wachezaji wetu yanaandikwa kwenye intaneti kila siku. Nani anayaandika, na ameyatoa wapi?

Mwaka 1998, katika Kombe la Afrika lililochezwa Burkina Faso, watu walisimama dakika moja bila kusema kitu. Walikuwa wanamlilia Mkongomani mmoja, Ndaye Mulamba. Habari ilikuwa imefika kwamba amekufa Angola, katika ajali ya machimbo ya almasi.

Sisi tunaochimba tunajua habari kama hiyo inavyoingia. Udongo umeanguka, mtu amebaki chini, basi. Hakuna anayeuliza mara mbili. Tunachanga pesa ya kilio, tunaimba, tunarudi kazini.

Kumbe Ndaye hakuwa Angola. Hakuwa chini ya udongo. Alikuwa Afrika Kusini, mkimbizi, hana kazi, anaishi mtaa wa watu maskini, anapumua kama mimi na wewe. Baada ya kile kimya cha dakika moja aliishi tena miaka zaidi ya 20. Alikufa kweli tarehe 26 Januari 2019, Johannesburg.

Na hakuwa mtu mdogo. Alizaliwa tarehe 4 Novemba 1948 Luluabourg, mji tunaouita leo Kananga. Alichezea AS Vita Club ya Kinshasa, iliyochukua kombe la vilabu bingwa vya Afrika mwaka 1973. Mwaka 1974, huko Misri, alifunga magoli 9 katika Kombe la Afrika moja. Fainali na Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa, Zaire ikashinda 2-0, na magoli yote 4 yalikuwa yake. Hadi leo hakuna mchezaji aliyefikia hayo 9 katika Kombe moja. Mwaka 1994 walimwita Tunisia kumpa heshima. Aliporudi nyumbani, majambazi walidhani mtu mwenye jina kubwa lazima ana pesa, wakampiga risasi mguuni. Mwaka 1996 akakimbilia Afrika Kusini. Na kule, miaka 2 baadaye, akasikia kwamba amekufa.

IKO KU TELEFONE

Utaniuliza: wewe mtu wa sendika, habari za mpira zinakuhusu nini? Nitakueleza.

Siku moja ya Mungu, baada ya mkutano wetu, vijana walibaki wanabishana. Mmoja ana simu mkononi, wengine wanachungulia begani kwake.

— Muzee, unajua huyu Ndaye alikufaka mu shimo, Angola?

— Nani alikuambia?

— Iko ku telefone.

— Nani aliandika?

— Muzee, minakuambia iko ku telefone!

Kijana hakuwa anasema uongo. Alikuwa amesoma kipande kilichokatwa, kile kinachotembea kutoka simu hadi simu, bila jina la aliyekiandika, bila mwaka. Nilimwomba atafute ukurasa mzima, tusome pamoja polepole. Ndipo tukaona neno moja lililobadilisha yote: ilitangazwa. Ilitangazwa kwamba amekufa. Kati ya "alikufa" na "ilitangazwa kwamba amekufa" kuna maisha ya mtu mzima, miaka 20 na zaidi.

Nilinyamaza, sababu nilikumbuka jambo letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, shimo moja lilianguka upande wa Masisi. Sitataja shimo, sitataja mwenye shimo. Kesho yake ilitoka orodha ya waliokufa, na ndani yake jina la ndugu mmoja wa sendika yetu. Mke wake alilala chini siku tatu. Wakwe walifika. Siku ya nne mwenye jina alishuka kutoka kwa motari, na mfuko wa maharagi begani. Alikuwa kwenye machimbo mengine. Alikuwa amemwazima mwenzake kadi yake ya kazi, na aliyekufa ni huyo mwenzake.

Tulicheka, tulilia, tulikula yale maharagi. Lakini orodha haikurekebishwa. Kila mara msaada ukija, ndugu yetu anaandikwa marehemu. Na yule aliyekufa kweli hana jina popote. Mama yake alikuja kwetu mara mbili kuuliza kama tunaweza kumwandikia mtoto wake. Alitaka tu aandikwe.

Tangu siku hiyo najua kwamba kosa moja la kalamu linaumiza watu wawili. Linamzika aliye hai, na linamnyima kaburi aliyekufa.

KADI NYEKUNDU YA MTU MWINGINE

Ndaye huyu huyu alipata mambo ya namna hiyo mara ya kwanza uwanjani, mbele ya dunia nzima. Tarehe 18 Juni 1974, Gelsenkirchen, Ujerumani, Zaire ilicheza na Yugoslavia katika Kombe la Dunia. Mabishano yalitokea juu ya goli, na mchezaji wetu mmoja akampiga mwamuzi teke kutoka nyuma. Mwamuzi, aliyetoka Kolombia, aligeuka akamtoa Ndaye nje. Wachezaji wenzake wamesema sikuzote kwamba aliyepiga lile teke ni Mwepu Ilunga, si Ndaye. Zaire ilifungwa 9-0.

Sasa mtu anayeandika maisha ya Ndaye afanye nini? Akiandika "alitolewa kwa kumpiga mwamuzi", amemshitaki asiye na kosa. Akifuta ile kadi kwa sababu anampenda Ndaye, amedanganya, maana kwenye daftari la mechi kadi ni yake. Haki iko katikati, na inahitaji maneno mawili zaidi: mwamuzi alimtoa Ndaye, kwa maelezo ya wachezaji, kosa lilikuwa la mwenzake. Ni hivyo tu. Msomaji anajua kilichoandikwa na anajua kilichosemwa, na hakuna aliyemchagulia.

Siku 4 baadaye walicheza na Brazil. Wabrazil walipata mpira wa adhabu. Kabla hawajaupiga, Mwepu Ilunga alitoka mbio kwenye ukuta wa wachezaji akaupiga mpira mbali. Akapewa kadi ya njano. Picha hiyo imezunguka dunia miaka 50, na kwa muda mrefu maneno yaliyoandikwa chini yake yalikuwa yale yale: tazama Mwafrika asiyejua sheria za mpira.

Ilunga mwenyewe, mzee sasa, aliulizwa. Alisema alijua sheria vizuri. Alisema alifanya vile makusudi, sababu hakuona faida ya kuumia kwa ajili ya watu waliokaa jukwaani wakisubiri kula pesa. Wachezaji wa timu ile wamesimulia kwamba primu waliyoahidiwa haikuwafikia. Wamesimulia pia kwamba baada ya zile 9 watu wa Mobutu waliwatisha: wasifungwe vibaya na Brazil, la sivyo wasirudi nyumbani. Brazil ilifunga 3. Ilunga alikufa tarehe 8 Mei 2015.

Mimi ni mtu wa sendika. Nikisikia kwamba mfanyakazi amenyimwa malipo yake na akafanya kitu cha ajabu mbele ya mkubwa, sikimbilii kusema ni mjinga. Nimeona mchimbaji akimwaga beseni la mchanga miguuni mwa mwenye shimo, na watu wakasema amerukwa na akili. Hakurukwa na akili. Alikuwa na miezi miwili bila kulipwa.

Lakini hapa lazima nijizuie pia. Moyo wangu unataka kuandika: "Ilunga aligoma." Hilo ni neno langu, si lake. Na sababu zilizosimuliwa ni zaidi ya moja: pesa, hofu. Anayeandika kwa haki anasema: Ilunga alieleza hivi, wenzake walieleza vile. Hata mimi, mwenye uchungu wa kazi, sina ruhusa ya kumfanya mtu bendera ya chama changu baada ya kufa.

GUNIA NA ETIKETI YAKE

Mtu anayeishi Goma anajua etiketi ni nini. Gunia la koltani likitoka machimboni linafungwa etiketi yenye namba. Bila hiyo, nyumba ya kununua madini haitalipokea. Namba inasema: gunia hili limetoka shimo fulani, siku fulani, kilo fulani.

Sentensi ya maisha ya mtu nayo inahitaji etiketi. Wikipedia, ile kamusi elezo ambayo kila mtu anaweza kuiandika, ilianza Januari 2001, na ya Kiswahili ikaanza mwaka 2003. Ukifungua ukurasa wa mchezaji, utaona tunamba tudogo tumebandikwa mwishoni mwa sentensi. Ukibonyeza, inakupeleka chini, kwenye gazeti au kitabu ambako habari ilitolewa. Hiyo ndiyo etiketi.

Kanuni ya kuandika maisha ya mtu aliye hai ilipata nguvu baada ya aibu moja. Mwaka 2005, mtu mmoja Marekani aliandika kwa utani kwamba mwandishi wa habari John Seigenthaler aliwahi kudhaniwa kuhusika katika kuuawa kwa ndugu wa Kennedy. Uongo mtupu, mzee huyo alikuwa amefanya kazi na Robert Kennedy na alikuwa rafiki yake. Ule utani ulikaa miezi 4 bila mtu kuufuta. Seigenthaler alipolalamika katika gazeti, wenye kazi wakaamka. Tangu hapo kanuni ni kali: habari mbaya juu ya mtu aliye hai, kama haina ushahidi, inafutwa palepale. Haingoji mjadala. Na mtu aliyekufa karibuni naye analindwa vivyo hivyo, sababu familia yake bado iko kwenye kilio.

Sasa, wenzangu, sisi tunajua jambo ambalo watu wa mbali hawalijui. Tunajua kwamba etiketi nayo inadanganya. Gunia linatoka shimo lisiloruhusiwa, linavushwa usiku, linafungwa etiketi ya shimo lingine, na asubuhi ni safi. Habari nazo zinasafishwa hivyo. Mtu anaandika kitu bila ushahidi. Mwandishi wa gazeti mwenye haraka anakinakili. Kesho yake mtu mwingine anarudi na kubandika lile gazeti kama ushahidi. Gunia limezunguka, limerudi na etiketi. Ukilitazama juu juu, ni halali.

Kwa hiyo usiulize tu kama namba ipo. Fungua, soma, tazama tarehe: gazeti liliandika kabla au baada? Mwandishi alikuwepo, aliuliza mtu, au alinakili? Magazeti 10 yaliyonakili gazeti moja ni shahidi mmoja tu.

JINA NI NUSU YA MTU

Kuna sababu nyingine inayofanya wachezaji wetu wachanganywe: majina yetu. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya ubatizo. Joseph na Pierre wakatoweka kwenye karatasi. Pierre Ndaye akawa Ndaye Mulamba. Ulaya wakamwandika mara Ndaye, mara Mulamba, kana kwamba ni watu wawili. Ilunga mwenyewe utamkuta Mwepu Ilunga, Ilunga Mwepu, na Joseph Mwepu. Kwetu hatushangai. Kwenye karata yangu ya kura herufi mbili za jina langu si zangu, nami nimezizoea.

Lakini kuna mmoja ambaye hakutaka kuzoea. Mwaka 2019 kijana wetu wa Kinshasa aliingia klabu ya Stuttgart, Ujerumani, akitoka Paris FC. Dunia ilimjua kama Silas Wamangituka, aliyezaliwa mwaka 1999. Alikimbia, alifunga, alipendwa. Juni 2021 klabu ilitangaza kwamba jina lake la kweli ni Silas Katompa Mvumpa, na kwamba alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1998. Mwenyewe ndiye aliyejitokeza kusema. Kwa maelezo ya klabu, wakala wake wa zamani ndiye aliyebadilisha utambulisho wake, naye kijana alikuwa anamtegemea kwa kila kitu. Shirikisho la mpira la Ujerumani lilimfungia miezi 3 na kumtoza euro 30,000.

Unaweza kuandika habari hii kwa mstari mmoja: "Alidanganya jina na umri." Kila neno hapo lina ushahidi, lakini mstari wenyewe si wa haki. Umemwacha wakala nje. Umeficha kwamba alijitokeza mwenyewe, wakati angeweza kunyamaza. Na katika machimbo yetu, ni vijana wangapi wanafanya kazi kwa kadi ya mtu mwingine, sababu mwenye shimo ameshika karatasi zao? Tukiwaita waongo, tunamwacha nani apite mlango wa nyuma?

Unaweza pia kukosea upande wa pili: kuandika kwamba ameonewa kabisa, adhabu haikustahili, Wajerumani wabaya. Hiyo ni kazi ya mshabiki. Andika jina lake la kweli juu ya ukurasa. Andika lile la zamani chini, ili anayelitafuta asipotee. Eleza kilichotokea, nani alisema, adhabu ilikuwa nini. Kisha rudi kwenye mpira, sababu yeye ni mchezaji, na magoli aliyafunga kwa miguu yake mwenyewe, chini ya jina lolote.

NDEGE YA FEBRUARI 2011

Hadi hapa nimewatetea wachezaji, na ni rahisi. Sasa niingie penye miiba.

Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966 na kufa tarehe 30 Septemba 2024, ni mmoja wa wachezaji wakubwa wa basiketi ambao Afrika imewahi kutoa. Alicheza NBA misimu 18, kuanzia 1991 hadi 2009. Alizuia mipira 3,289, na mbele yake yuko mmoja tu, Hakeem Olajuwon wa Nijeria. Alijenga Kinshasa hospitali yenye jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, iliyofunguliwa mwaka 2007. Watu wangapi wamezaliwa na kupona mle ndani, huwezi kuhesabu kwa vidole.

Na sisi wa Goma tunakumbuka ndege iliyozuiliwa kwenye uwanja wetu Februari 2011, katika mpango wa kununua dhahabu uliokwama. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliuandika katika ripoti yao ya mwaka huo. Walimtaja Jenerali Bosco Ntaganda, na walimtaja pia Mutombo kati ya waliohusika katika mipango ya biashara ile. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani.

Nilipowasomea vijana jambo hilo, chumba kiligawanyika. Mmoja alisema: "Toa hiyo, Muzee. Mutu alijengaka hopitali." Mwingine, ambaye baba yake alikuwa mchimbaji wa dhahabu, alisema: "Hapana. Hiyo njo iwe ya kwanza. Dhahabu ilikuwa ya nani?"

Nilielewa wote wawili. Lakini ukurasa wa maisha si wa kusafisha mtu, wala si wa kumpaka matope. Ukiifuta ripoti, umewafundisha watoto wetu kwamba mtu mkubwa akifanya wema, mambo ya dhahabu ya Kivu hayaandikwi. Ukiiweka juu kabisa, kubwa kuliko miaka 18 ya mpira na hospitali, umetoa hukumu ambayo hakimu hakuitoa. Basi iwekwe mahali pake, kwa urefu wake: ripoti ya nani, ya mwaka gani, ilisema nini hasa, na kwamba haikufika kwenye hukumu. Kila kitu kina uzito wake kwenye mizani. Sisi tunaolia kila siku juu ya mizani za wanunuzi zilizochezewa, tusichezee ya kwetu.

Yule kijana wa dhahabu hakuridhika. Alisema maneno hayo ni machache mno kwa jambo kama lile. Bado tunabishana naye.

NILIVYOFUTWA

Nisijifanye mwalimu. Mimi mwenyewe nilifutwa.

Kuna mchezaji mmoja, simtaji, ambaye hapa kwetu kila mtu anajua amezaliwa kijiji cha karibu na machimbo. Shangazi yake anauza unga sokoni. Ukurasa wake ulisema Kinshasa. Nikafungua akaunti, nikaingia, nikafuta Kinshasa, nikaandika kijiji chetu. Nikaongeza jina la shangazi na mahali anapouzia. Nililala na furaha.

Asubuhi vyote vimeondoka. Mtu asiyenijua alikuwa ameandika kwa ufupi: hakuna ushahidi, na habari za ndugu wa mtu haziwekwi. Nilikasirika sana. Nikasema wanamnyang'anya mtoto wetu. Mke wangu aliniuliza swali moja tu: "Baba watoto, mukubwa wa kampuni akikuambia mushahara ulilipwa, unamwambia nini?" Ninamwambia: nionyeshe karatasi.

Basi. Na ile ya shangazi ilikuwa mbaya zaidi, wala sikuiona. Katika mji huu, kuandika kwamba mama fulani sokoni ni ndugu wa mchezaji wa Ulaya ni kuwaonyesha majambazi mlango wake. Ndaye alipigwa risasi kwa sababu ya medali tu. Aliyenifuta alimlinda shangazi yule kuliko mimi, niliyenunua unga kwake wiki ile.

Kijiji bado hakijaandikwa. Kitaandikwa siku mwandishi wa habari atakapomuuliza mchezaji, naye ajibu, na itoke gazetini. Ninangoja.

UKITAKA KUJARIBU

Huhitaji kompyuta. Simu na mega kidogo zinatosha. Tafuta ukurasa wa mchezaji unayemjua. Bonyeza "historia": utaona kila badiliko, siku na saa, na nani alilifanya. Kinachofutwa hakipotei, kinabaki humo. Kabla hujagusa, soma yote. Anza na kidogo: jina lililoandikwa vibaya, klabu aliyohama, tarehe. Weka etiketi. Kama umeona jambo zito lisilo na ushahidi juu ya mtu aliye hai, liondoe na ueleze sababu. Kama huna uhakika, andika kwenye "majadiliano", wengine watajibu.

Usinakili maneno ya gazeti neno kwa neno. Sema kwa maneno yako. Acha sifa tupu: "mchezaji hatari asiye na mfano" haimwambii msomaji kitu, lakini "magoli 9 katika Kombe moja" inamwambia. Usiweke namba ya simu, nyumba, majina ya watoto, wala ugonjwa ambao mwenyewe hajautangaza. Kama ni ndugu yako, rafiki yako, au mtu anayekulipa, usiandike mwenyewe. Sema wazi wewe ni nani kwake, kisha omba wengine waangalie. Na habari ya kifo ikifika, ngoja. Hata kama imetoka kwa mtu unayemwamini. Kuchelewa siku moja hakumuui mtu.

Sasa kila mwezi, baada ya mkutano, vijana watano au sita wanabaki. Tunachagua ukurasa mmoja, tunasoma kila sentensi kwa sauti, na mmoja anauliza: "Imetoka shimo gani?" Wanacheka, lakini wanatafuta. Juzi yule aliyeniambia "iko ku telefone" alikaa saa nzima kwa ajili ya tarehe moja.

Na sendika yetu imenunua daftari kubwa. Ndani yake tunaandika kila mchimbaji: jina kamili kama anavyolitamka mwenyewe, kijiji, shimo, siku aliyoanza, na nani amethibitisha. Mtu akifa, hatuandiki mpaka watu wawili waliomwona waseme. Ukurasa wa kwanza tuliuacha kwa yule mwenzetu aliyekufa na kadi ya mtu mwingine. Mama yake alikuja. Hajui kusoma. Alituomba tumwonyeshe kwa kidole mahali jina lilipo, akaweka mkono wake hapo, akakaa.